Hajagusa! Namna ya Kuamua Rufaa ya Besi Iliyorukwa Kwenye Softiboli

Nilipokuwa shule ya msingi kule Kilifi, tulicheza raundaz karibu kila siku baada ya chakula cha mchana. Mwalimu alikaa chini ya mwembe akisahihisha madaftari, uamuzi ukabaki kwetu wenyewe. Msichana akikata kona bila kugusa nguzo, upande wa pili ulipiga kelele kwa pamoja: "Hajagusa! Hajagusa!" Wakinyamaza, pointi yake ilihesabiwa na mchezo ukaendelea. Hakuna aliyetuambia kwamba ile ni rufaa. Huu ni mwaka wa tisa nachezesha softiboli ya wasichana hapa Minnesota, Marekani (mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kugusa besi nne, ya mwisho ikiitwa nyumbani), na kila ninapomfundisha mwamuzi mpya naanzia kwenye kelele ile ile. Sheria yote ya besi iliyorukwa imo humo: mkimbiaji amekosea, mwamuzi ameona, lakini hukumu haitoki mpaka timu inayolinda, yaani isiyo na zamu ya kupiga, iidai.

Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu wenzetu wengi wanaoanza kuvaa shati la uamuzi wananiuliza jambo hili kuliko lingine lolote. Mimi nafuata kitabu cha sheria cha USA Softball, chama cha mchezo huu Marekani. Kitabu cha WBSC, yaani shirikisho la dunia, kinakubaliana nacho kwenye msingi, lakini zipo tofauti ndogo ndogo. Soma kitabu cha ligi yako kabla msimu haujaanza.

Macho yawe mguuni

Mpira ukipigwa mbali, unatazamwa na walinzi tisa, makocha wote na wazazi wote jukwaani. Mguu wa mkimbiaji unakutegemea wewe.

Msimu wangu wa pili niliikosa rufaa moja ambayo inaniuma hadi leo. Zilikuwa timu za chini ya miaka 12, jioni ya mwezi wa Juni, mbu wamejaa. Msichana alipiga mpira ukabingirika mpaka kwenye uzio wa kushoto. Niliugeukia mpira. Niliufuata kwa macho kama mtazamaji, mkimbiaji akapita besi ya kwanza na ya pili nyuma ya mgongo wangu, akaishia ya tatu. Kocha wa timu iliyokuwa ikilinda akaomba taimu, yaani mchezo usimame, akanijia polepole, akasema kwa adabu: "Bluu, namba 14 hakugusa besi ya pili." Hapa mwamuzi huitwa kwa rangi ya shati lake. Sikuwa na jibu. Nikaonyesha sefu (yuko salama), maana usichokiona huwezi kukitolea auti (ametolewa), hata kama anayesema unamwamini. Mchezo ulipokwisha, mama mmoja alinionyesha simu yake. Mguu ulikuwa umepita ndani ya kona ya besi, pengo la upana wa kiganja. Wale wasichana walikuwa wamelinda kwa uangalifu kuliko mimi nilivyotazama, na auti yao nikawanyima.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Tukiwa waamuzi wawili na besi hazina mtu, mimi wa besi naanza nje ya mstari wa faulo, yaani mstari wa pembeni wa uwanja, nyuma ya besi ya kwanza. Mpira ukienda nje naupa jicho moja tu, nijue unaelekea wapi, kisha naingia mbio ndani ya uwanja, nageuka, na macho yanatua juu ya besi kabla mguu haujafika. Nasisitiza kabla. Ukifika pamoja na mguu umechelewa. Utaona kivuli, halafu akili itakujazia kilichobaki. Besi ina sentimita 38 kila upande, na kutoka besi moja hadi nyingine ni futi 60, yaani mita 18.29. Msichana wa miaka 16 mwenye mbio hakupi nafasi ya kutazama mara mbili.

Kona ya ndani ndiyo yenye makosa. Mkimbiaji anayetaka kuendelea hupinda, huinamisha bega, hulenga ile kona kwa ncha ya njumu. Hatua zikimkataa dakika ya mwisho, ama huzifupisha akagusa, ama huruka na kupita. Simama hatua tano au sita kutoka kwenye besi, ubavuni, ili uone nafasi iliyopo kati ya soli na besi. Ukiwa mbele yake kabisa au nyuma yake kabisa, mguu uliopita juu ya besi na mguu ulioikanyaga vinafanana. Besi hutikisika ikikanyagwa. Vumbi lililokaa juu yake huacha alama. Hizo ni ishara nzuri. Lakini mkimbiaji kugeuza shingo na kutazama nyuma, au kocha wake kushika kichwa, si ushahidi, kwa hiyo usiutumie.

Kugusa ni kugusa. Kidole cha mguu kwenye ukingo kinatosha, na mkono unatosha kwa anayeteleza. Ukiwa na shaka, amegusa.

Kabla ya mchezo, kubaliana na mwenzako nani anatazama mguu gani kwenye besi gani, hasa wakiwepo wakimbiaji wawili au watatu. Ukiwa peke yako, kama inavyotokea kwenye ligi nyingi za jioni, toka nyuma ya mdakaji (mlinzi anayechuchumaa nyumbani nyuma ya mpigaji), vua barakoa, ingia ndani ya uwanja hadi uone besi zote bila kugeuza mwili mzima. Hutaona kila kitu. Anza na mkimbiaji aliye mbele, kisha mrudie anayemfuata.

Mdomo ufungwe

Umeona mguu umeruka besi ya pili. Sasa usifanye lolote. Usionyeshe mkono, usitingishe kichwa, usimwangalie mwenzako kwa jicho la kumuuliza. Usiikodolee besi ile macho baada ya mkimbiaji kupita, maana kocha mwerevu anakusoma wewe kabla hajausoma mchezo. Mkimbiaji mwenyewe akikuuliza, "Nimegusa?", usijibu. Ukimwambia hapana atarudi, na utakuwa umeisaidia timu yake. Ukimdanganya kwamba amegusa utakuwa umefanya jambo baya zaidi. Mimi husema tu, "Mpira uko hai, dada," yaani mchezo haujasimama, nikaendelea na kazi.

Wengi huona hili kuwa gumu. Wanahisi kunyamazia kosa ni kushiriki kosa. Lakini fikiria baraza la wazee: bila mlalamikaji hakuna kesi. Kutazama kama mpinzani amegusa kila besi ni sehemu ya ulinzi, sawa na kudaka na kurusha. Ukitoa auti bila kuombwa umemlindia mtu uwanja wake.

Kwenye besi ya kwanza jambo hili huwachanganya hata waamuzi wazoefu. Mpigaji ametangulia mpira, lakini kwa haraka amevuka juu ya besi bila kuigusa. Unaonyesha nini? Sefu. Kitabu kinamhesabu kuwa ameigusa kwa kuipita, mpaka timu inayolinda idai vinginevyo. Mlinzi wa besi ya kwanza akikanyaga besi na mpira mkononi akasema "hakugusa", au akimgusa msichana yule kabla hajarudi, hapo unatoa auti. Benchi litalalamika: "Si ulisema sefu!" Ndiyo, nilisema. Sefu ile ilijibu kama ameutangulia mpira. Auti hii inajibu kama ameigusa besi. Ni maswali mawili.

Besi ya nyumbani ina ugumu wake. Mkimbiaji anateleza, mdakaji anamkosa, vumbi linapanda, na mguu umepita pembeni ya bamba, yaani besi ya nyumbani yenyewe. Hapo natulia kidogo, kama pumzi moja, mikono imeshuka. Mdakaji akimgusa au akigusa bamba akidai, natoa auti. Wakimwacha akaenda zake, naonyesha sefu, na mlango wa rufaa bado uko wazi. Kile kituo cha pumzi moja ni cha haki kwa pande zote mbili. Vipo vyama vinavyofundisha usionyeshe ishara yoyote hapo, kwa hiyo uliza vyako vinataka nini.

Tena, kama uwanja una besi pacha kwenye ya kwanza, nusu nyeupe na nusu ya chungwa, jua kwamba mpigaji anayekimbia huku mpira ukirushwa pale anatakiwa agonge ile ya chungwa. Akikanyaga nyeupe peke yake, ni sawa na aliyeiruka besi, na wakikata rufaa kabla hajarudi yuko nje. Lakini mpira ukiwa mbali huko nje na hakuna mchezo pale, nusu yoyote inamtosha.

Rufaa inavyokuja

Zipo njia mbili. Ya kwanza mpira uko hai: mlinzi yeyote mwenye mpira anagusa besi iliyorukwa, au anamgusa mkimbiaji aliyeiruka. Lazima ieleweke kwamba anadai. Mlinzi wa besi ya pili aliyepita juu ya besi akirudisha mpira kwa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji, hajakata rufaa. Amepita njia tu. Akikutazama, akanyooshea besi mkono, akasema "ameiruka", basi amekata.

Ya pili mpira umekufa. Wakimbiaji wote wamemaliza safari zao na taimu imetolewa. Hapa mpira hauhitajiki. Mlinzi yeyote wa ndani, yaani wa karibu na besi, pamoja na mrushaji na mdakaji, anaweza kusema kwa mdomo, na kocha pia anaruhusiwa sasa, jambo ambalo mpira ukiwa hai haruhusiwi. Atakachosema lazima kiwe na vitu viwili: mkimbiaji yupi, besi ipi. "Namba 7 hakugusa ya pili" ni rufaa kamili. "Bluu, kuna mtu hakugusa!" si rufaa. Mimi humuuliza, "Nani, na wapi?" Simwongezi neno. Nikisema, "Unamaanisha besi ya pili?" nimeshamwonyesha njia.

Kama mpira umetoka nje ya uwanja, wape wakimbiaji nafasi ya kumaliza kukimbia kabla ya kusikiliza rufaa yoyote. Kama besi iliyotajwa ilikuwa ya mwenzako, mnyooshee mkono yeye, aamue yeye. Ukiridhika kwamba besi ilirukwa, toa ishara ya auti na useme kwa sauti ya kusikika benchi zote mbili: "Namba 7 hakugusa besi ya pili, auti." Usiporidhika, sefu, basi. Usianze kusimulia mguu ulipita vipi. Maelezo marefu yanazaa mabishano marefu.

Watakata rufaa zaidi ya moja, na sheria inaruhusu. Lakini usikubali kubahatisha. Anayesema "hakugusa ya kwanza", ukatoa sefu, halafu "basi ya pili", halafu "basi ya tatu", hakuona chochote. Anavua samaki gizani. Rufaa ya kwanza naisikiliza kwa moyo wote. Akianza kuzungusha besi moja moja, namwambia kwa utulivu kwamba nimemsikia na tunaendelea.

Muda nao una ukomo. Rufaa lazima ije kabla ya mrusho unaofuata, uwe halali au haramu. Mrushaji akishaachia mpira, kesi imefungwa, hata kama kocha wake alikuwa amefungua kinywa. Auti tatu zikimaliza zamu ya timu moja kupiga, ambayo tunaiita nusu, mwisho ni pale walinzi wote wa ndani wanapokuwa wametoka kwenye eneo halali, yaani ndani ya mistari ya faulo, kuelekea benchi. Kwenye tukio la mwisho la mchezo, mwisho ni pale sisi waamuzi tunapoondoka uwanjani.

Kurudi

Mkimbiaji ana haki ya kurudi kugusa besi aliyoiruka, na wewe huna ruhusa ya kumzuia wala kumhimiza. Lakini njia hujifunga. Mkimbiaji wa nyuma yake akishafunga pointi, amechelewa. Akishaondoka uwanjani, amechelewa. Mpira ukifa wakati yeye tayari yuko kwenye besi ya mbele ya ile aliyoiruka au ameipita, amechelewa.

Kuna mkimbiaji mmoja aliyerudi ambaye huwa namtaja kwenye kila mafunzo. Tarehe 26 Aprili 2008, mjini Ellensburg, jimbo la Washington, Sara Tucholsky wa chuo cha Western Oregon alipiga mpira ukavuka uzio, wakimbiaji wawili wakiwa mbele yake. Ilikuwa homurani yake ya kwanza, yaani pigo linalovuka uzio na kumpa mpigaji besi zote. Kwa furaha akaipita besi ya kwanza bila kuigusa. Alikuwa hajafika ya pili, kwa hiyo njia ilikuwa wazi. Akageuka arudi kuigusa, na goti likamkatikia pale pale. Alitambaa hadi besi ya kwanza, akaishika. Ikaelezwa kwamba wachezaji wenzake wakimsaidia atakuwa auti, na kwamba akiingizwa mbadala, pigo lake litahesabiwa kama la besi moja. Ndipo Mallory Holtman wa Central Washington, mpinzani, akauliza kama wao wanaweza kumbeba. Hakukuwa na sheria inayokataza. Holtman na mwenzake Liz Wallace wakambeba, na kila walipofika kwenye besi walimshusha taratibu ili mguu wake wa kushoto uiguse. Ya pili, ya tatu, nyumbani. Western Oregon walishinda 4 kwa 2.

Nikiitazama picha ya tukio lile, jicho langu haliendi kwenye nyuso. Linaenda kwenye ule mguu wa kushoto unaoshushwa hadi uguse. Wasichana waliokuwa wakishindwa walijua kwamba besi isiyoguswa si besi, wakahakikisha kila moja imeguswa.

Hesabu ya pointi

Ukishatoa auti, swali linalofuata benchini ni "pointi ngapi?" Lijibu mwenyewe kichwani kabla hawajauliza.

Kama auti ya rufaa ni ya kwanza au ya pili, inamwondoa aliyekosea na pointi yake tu. Wa nyuma yake hawaguswi. Kama ni ya tatu, uliza kama besi iliyorukwa ni ile aliyolazimika kwenda kwa sababu mpigaji anaingia besi ya kwanza na kuwasukuma mbele waliomtangulia, au kama ni mpigaji mwenyewe aliyeiruka ya kwanza. Ikiwa ndivyo, hakuna pointi inayohesabiwa kwenye tukio hilo, hata ya aliyefika nyumbani zamani. Ikiwa sivyo, waliomtangulia wakafika kabla wanahesabiwa, ila wa nyuma yake hawahesabiwi.

Chukua mfano. Auti mbili, wakimbiaji wako ya kwanza na ya tatu. Mpira unapenya katikati ya walinzi wa nje. Wa ya tatu anafunga. Wa ya kwanza anairuka ya pili, anafika ya tatu. Rufaa inakuja, auti. Alilazimika kwenda ya pili, kwa hiyo pointi ile inafutwa, ingawa aliyeifunga hakukosea lolote. Badilisha kidogo: auti mbili, mtu yuko ya kwanza tu, mpigaji anavusha uzio, na wa ya kwanza anairuka ya tatu. Ya tatu hakulazimika. Yeye ni auti ya tatu, na homurani ya mpigaji inapotea kwa kuwa yuko nyuma yake. Ingekuwa na auti moja tu kabla, pointi ya mpigaji ingebaki.

Iko pia auti ya nne, ambayo wengi hawaiamini hadi uwafungulie kitabu. Auti mbili, mtu yuko ya pili. Mpigaji anapiga, wa ya pili anairuka ya tatu na kufunga, halafu mpigaji ananaswa akielekea ya pili. Auti tatu zimetimia, lakini pointi iliingia kabla. Timu inayolinda bado inaweza kukata rufaa ya ile besi ya tatu na kuifuta pointi, mradi walinzi wa ndani hawajatoka. Kwa hiyo usikimbilie mstari nusu ikiisha. Baki, wape nafasi.

Hali ninayoiogopa kuliko zote ni hii. Nusu ya mwisho, pointi sawa, auti mbili, besi zimejaa. Mpigaji anapiga mpira safi. Wa ya tatu anakanyaga nyumbani, benchi zima linamwagika uwanjani likipiga vigelegele, chupa za maji zinarushwa juu. Na mpigaji, akiona wenzake wanaruka, anaachia mbio katikati ya njia na kuwageukia. Asipoigusa besi ya kwanza, na mlinzi mmoja tu akawa macho, pointi ya ushindi haipo. Wakati huo wazazi watakuwa wanapita mbele yako, na mwenzako atakuwa anakuita mtoke. Usitoke. Mimi husimama ndani ya uwanja, nikitazama ile besi kati ya miguu ya watu, mpaka nione njumu yake imeikanyaga au walinzi wote wa ndani wamevuka mstari. Ndipo nafungua mkoba, natia barakoa ndani, tunaondoka.